Makala ya timu ya shule: tuamue

Wanakikundi, habari za jioni. Ile makala ya Wikipedia kuhusu timu ya sekondari ya futiboli ya Kimarekani: ibaki au ifutwe? Kushinda peke yake hakutoshi. Wikipedia inataka vyanzo huru vilivyoieleza timu kwa kina. Tovuti ya shule yenyewe na matokeo ya mechi za Ijumaa gazetini havitoshi. Timu ya sekondari ya De La Salle ya Concord, California, ilishinda mechi 151 mfululizo kati ya 1992 na 2004, ikaandikwa Marekani nzima. Hiyo kustahili makala yake haina ubishi. Hii yetu (aliyeiandika anisamehe, najua umekesha) naona iwe sehemu ndani ya makala ya shule. Mwenye chanzo kizito akilete hapa kabla ya kesho jioni.