Kwa mpwa wangu aliyejaribu mara tano

Marahaba, mpwa wangu. Ujumbe wako niliusoma kwenye daladala nikapitiliza kituo. Unasema umegundua kanuni ya kuzaa namba tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu (kuzaa tasa! aliyezipa jina hilo hakukutarajia wewe): chukua namba, izidishe kwa inayoifuata, jumlisha 11. Umeijaribu kwa 1, 2, 3, 4 na 5, ukapata 13, 17, 23, 31 na 41. Kweli, zote ni tasa. Kisha ukaandika, "Imethibitika."

Neno hilo ndilo limenikalisha niandike.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, naye alikuwa na zake tano. Anza na 2, jumlisha 1: 3. Zidisha 2 kwa yenyewe upate 4, jumlisha 1: 5. Endelea hivyo hivyo, 16 inakupa 17, 256 inakupa 257, na 65,536 inakupa 65,537. Zote tasa. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake kwamba anaamini mlolongo huo hautoi ila tasa, ingawa uthibitisho hana. Hapo amekuzidi, maana alikiri.

Ya sita ni 65,536 mara 65,536, jumlisha 1: 4,294,967,297. Tarakimu kumi, kama namba yako ya simu. Ukitaka kuigawa kwa kila tasa iliyo chini ya kipeuo chake cha pili, zipo 6,542. Lakini mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1732 alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Na kuna njia ya mkato: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Mimi bado namsikitikia Fermat.

Usiniamini, shika kalamu. 641 ni 5 × 128 + 1, na 128 ni 2⁷, kwa hiyo 5 × 2⁷ imepungukiwa 1 tu ifike 641. Tuseme baki lake, ukiigawa kwa 641, ni −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 641 ni 625 + 16 pia, yaani 5⁴ + 2⁴, hivyo mahali pa 5⁴ unaweza kuweka −2⁴. Basi −2³² inabakiza 1. Jumlisha 2³² pande zote mbili, utaona 2³² + 1 haibakizi kitu. Namba yenyewe ni hiyo, maana 65,536 ni 2¹⁶, na hatukugusa kikokotoo. Kigawo chake cha pili ni 6,700,417.

Hadi leo hakuna aliyepata tasa ya sita katika mlolongo ule.

Sasa rudi kwenye kanuni yako. Ulisimama kwenye 5. Nenda mpaka 10, halafu nipigie. Mama yako msalimie.

Mjomba wako