Barua ya wazi kwa wifi yangu anayemtunza baba

Wifi yangu mpenzi,

Baba alipotimiza miaka 90, wageni walimzunguka wakimuuliza siri ya kuishi sana. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na taulo yake mkononi. Hakuna aliyekuuliza neno, hata mimi. Ndicho kinachonifanya nikuandikie.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za Jiroemon Kimura wa Kyotango, Japani. Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1897, akafariki tarehe 12 Juni 2013, akiwa na miaka 116 na siku 54. Hakuna mwanamume mwingine ambaye umri wake umethibitishwa kwa hati akafika hapo. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Christian Mortensen, aliyezaliwa Denmark akahamia Marekani; Kimura alimpita mwishoni mwa Desemba 2012.

Alifanya kazi posta hadi alipostaafu mwaka 1962, kisha akashika jembe akalima mpaka alipokaribia miaka 90. Alikula kidogo, akaacha kabla tumbo halijajaa. Alipoulizwa siri yake alisema labda ni jua, kwa kuwa yeye hutazama juu mbinguni kila mara. Hayo ndiyo watu wanayoyarudia, na ni maneno mazuri kweli.

Mimi nilikwama penginepo. Mwanawe wa kwanza alimtangulia kufa. Mjukuu naye akatangulia. Miaka ya mwisho mzee aliishi na wajane wawili: mke wa marehemu mwanawe, ambaye mwenyewe alishapita miaka 80, na mke wa marehemu mjukuu, aliyekaribia 60. Hebu fikiria, wifi, bibi wa miaka themanini na ushee bado ana baba mkwe ndani ya nyumba!

Na yeye mwenyewe hakuzaliwa Kimura. Alizaliwa Kinjiro Miyake, akamwoa Yae, akaingia katika ukoo wa mkewe na kulirithi jina la Jiroemon, wa tisa kuitwa hivyo. Kwa hiyo nyumba ile ilishikwa na watu watatu walioingia kwa ndoa, kama wewe ulivyoingia kwetu. Mwana na mjukuu walikuwa wameshatangulia kaburini, wao wakabaki.

Sisi watoto wa baba tunapiga simu. Tunauliza amekulaje, amelalaje, kisha tunakata. Wewe ndiye unayeamka usiku anapokohoa, unayejua ni upande gani wa mwili usimguse kwa nguvu. Sijawahi kukwambia asante kwa sauti. Asante, wifi.

Nimeomba likizo. Nafika mwanzoni mwa mwezi ujao, nitakaa wiki mbili, na nitalala chumba cha pili kutoka kwake. Niandikie dawa zake na saa zake, na jinsi anavyopenda kuinuliwa kitandani. Halafu nenda kwa mama yako, ulale mpaka jua lipande.

Wifi yako