Barua kwa Somoe: naomba ile picha ya babu yako

Ndanda, Masasi
9 Machi

Somoe rafiki yangu,

Salaamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Mbagala. Natumai mguu wa mama umeshatulia na ule mzigo wa mbaazi ulifika. Huku hatujambo. Mvua inanyesha, mahindi yanachanua, fedha za korosho zimekwisha kwa kila mtu na sasa tunaishi kwa kukopeshana, unaujua mwezi wa tatu wa huku kwetu. Shangazi yako wa Chikundi anakusalimu sana, amepata mjukuu wa kiume. Habari za Mwanahawa na mumewe nitakuandikia siku nyingine maana ni ndefu. Leo nina shida moja: naitaka ile picha ya babu yako.

Namaanisha ile aliyopigwa Mwena, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma alikokuwa dresa, yaani mfunga vidonda, amevaa koti jeupe lenye vifungo mpaka shingoni, ameshika sinia la sindano. Ilikuwa ukutani kwa mama, upande wa kabati. Naihitaji kabla ya Pasaka, tena pamoja na lile daftari lake kama bado lipo.

Sababu ni hii. Mwalimu wa historia wa shule moja ya hapa jirani alinifuata kazini akaniomba nikazungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu hospitali yetu ya misheni hapa Ndanda: imeanzaje, ilikusudia nini, imefikaje hapa. Nikakubali kwa furaha. Akanipa karatasi walizoandaa, nikasoma usiku ule ule baada ya zamu. Somoe, mna maabate, wale wakuu wa watawa, na maaskofu, mna majengo, mna mwaka wa kila jengo, mna mashine zilizoletwa kutoka Ulaya. Mwafrika wa kwanza kutajwa humo ni mgonjwa. Anayemfuata ni mgonjwa pia. Nikarudia kusoma nikidhani nimeruka ukurasa. Hakuna dresa hata mmoja, hakuna mkunga, hakuna mkalimani, hakuna aliyechota maji wala aliyechemsha sindano.

Usinielewe vibaya, waliotajwa wanastahili kutajwa. Mimi mwenyewe nitawaambia watoto habari zao. Nitawaambia kwamba misheni ya Lukuledi iliteketezwa mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, na kwamba mwaka huo huo Sista Walburga Diepolder aliuawa akikimbia kutoka Nyangao, ndiyo maana hospitali ya Nyangao inaitwa Mtakatifu Walburga. Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, wakaanza tena hapa Ndanda mwaka 1906, penye maji yanayotoka chini ya mlima wa Makonde, maji yale yale tuliyokuwa tukiogea utotoni. Nitawaambia kwamba Novemba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya mapigano makali ya Mahiwa, Waingereza waliingia hapa misheni wakakuta hospitali ya vita ya Wajerumani imejaa wagonjwa na majeruhi. Vijana wengi wanaopita kwenda sokoni hawajui kwamba vita vile vya wazungu vilikanyaga uwanja huu huu.

Lakini hapo ndipo swali langu linapoanza. Wajerumani wale wamisionari walikamatwa na kuondolewa nchini, na walioruhusiwa kurudi walikaa miaka kabla ya kurudi. Katika miaka hiyo vidonda havikuacha kuoza na wanawake hawakuacha kuzaa. Nani alikuwa akifunga vidonda? Nani alikuwa akipokea watoto? Karatasi inaruka kutoka vita moja kwa moja mpaka kufika kwa Sista Thecla Stinnesbeck, daktari, kana kwamba watu wa Ndanda walisimama barabarani kumsubiri.

Huyo Sista Thecla ana ukurasa mzima, na ni haki yake. Mama mmoja daktari katika nchi hii ya wakati ule, na eneo la wagonjwa wake lilikuwa kubwa kuliko wilaya nyingi za leo! Ila nimwulize mwalimu: mgonjwa akija na Kimakonde cha Newala, wa pili na Kimwera, wa tatu na Kimakua, wa nne na Kiyao, daktari alielezwa na nani kwamba tumbo linauma upande huu na si upande ule? Mwanamke aeleze habari za uzazi wake kwa mgeni, tena kwa mkalimani wa kiume? Palikuwa na mwanamke wa hapa kati yao, lazima. Mtu huyo ndiye aliyeifanya hospitali iaminike. Na hana jina.

Ndipo nikamkumbuka babu yako.

Unakumbuka alivyokuwa akituonyesha, sisi wadogo, pale barazani? Anakuambia fumba macho. Anachukua kipande cha pamba, anakisokota ncha ikawa nyembamba, anakugusa mkononi, na wewe unatakiwa kuonyesha kwa kidole pale ulipoguswa. Tulidhani ni mchezo. Nilipofika chuo cha uuguzi mwalimu akasimama mbele ya darasa na pamba mkononi, nikajua jibu kabla hajafungua mdomo: mwenye ukoma hasikii pamba kwenye baka, maana mishipa ya fahamu imekwisha kuliwa. Babu yako alinifundisha uchunguzi wa ukoma sijajua hata kuandika jina langu.

Na habari za mafuta ya chaulmugra, ile dawa ya zamani ya ukoma, unazikumbuka? Alivyosema yalikuwa mazito, sindano yake nene, na mgonjwa anachomwa huku analia kwa sababu panauma kwa siku kadhaa, na hata hivyo wengi hawakupona. Halafu ikaja dapsoni, vidonge tu, akasema watu wa Mwena walianza kuiamini taratibu maana walishazoea kwamba dawa ya kweli lazima iume. Dawa mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 alikuta wengine wanaigawa, yeye ameshastaafu, lakini alikuwa akienda kutazama. Jambo alilolizungumza kuliko yote lilikuwa viatu. Mguu usiosikia unakanyaga mwiba au kaa la moto na mwenyewe hana habari, kidonda kinaingia mpaka mfupani. Kwa hiyo yeye alikuwa akikata katambuga za tairi, anapima kila mguu kwa kuuchora juu ya karatasi, na sehemu yenye kidonda anaipunguza ili isiguse chini. Hiyo ni tiba, Somoe. Hakuna jengo la ghorofa linaloweza kuchukua nafasi ya mtu anayejua mguu wa kila mgonjwa wake.

Nilimwambia mwalimu haya yote. Kijana mzuri, anasikiliza, simlaumu sana. Akanijibu: dada, hatuna ushahidi wa maandishi. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda. Ushahidi upo, ila umetundikwa ukutani Mbagala na mwingine uko ndani ya sanduku chini ya kitanda cha mama yako! Daftari lile, kama sikosei, lilikuwa na orodha za wagonjwa kwa vijiji na michoro ya nyayo. Tukilipata, atasema nini tena?

Jambo hili si la Ndanda peke yake. Tazama Lulindi, hospitali nyingine ya misheni hapa Masasi. Watu wote wanamjua daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 kwa wamisionari wa Kianglikana, akawa anapasua watu katika majengo ya udongo, baadaye akahamia Mnero, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya. Historia nzuri, nami naipenda. Lakini daktari wa upasuaji hawezi kushika kisu na taa kwa wakati mmoja, tena hawezi kumlaza mgonjwa usingizi huku anamshona. Palikuwa na vijana wa Kimakua na Kiyao aliowafundisha, waliosimama naye usiku. Wajukuu wao wako Masasi leo, wengine wanaendesha bodaboda, na hawajui babu zao walikuwa watu wa namna gani.

Kwa nini limenishika hivi? Nakuambia kwa sababu wewe utanielewa. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wodini kwetu sasa hivi ni wepesi, wanajua kompyuta, wanajua mambo mengi ambayo sisi tulifundishwa ukubwani. Lakini wengi wanaamini hospitali kama hii ni zawadi iliyoshuka kutoka kwa wafadhili, na kwamba sisi wa hapa kazi yetu ni kushukuru. Anayeamini hivyo hawezi kuihesabu kuwa yake. Mashine ikiharibika anangoja mfadhili. Mgonjwa asiye na hela anamwona kama hasara ya mwenye hospitali.

Na hili la hela ndilo kiini hasa, maana mwalimu ameniuliza hospitali ilikusudia nini. Ilikusudia mgonjwa asiyeweza kwenda popote. Sasa huku kwetu, umaskini una msimu wake. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi watu wana fedha, wanalipa, wanakata hata bima ya afya. Malaria inakuja masika, mifuko imekauka. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano sera inawalinda. Mzee wa miaka hamsini na mitano mwenye ngiri hana wa kumlinda. Hospitali nayo inanunua dawa, inanunua dizeli ya jenereta, serikali inasaidia kwa watumishi na ruzuku lakini pengo linabaki. Nani atajua kwamba huyu hana kweli na yule amezificha? Zamani dresa alijua. Babu yako alikuwa akisema: huyu shamba lake limeungua, msimdai; yule ana mikorosho mpaka bondeni, mdaini. Daktari mgeni asingelijua hilo hata angekaa miaka arobaini. Leo tuna ofisi ya ustawi wa jamii, wanafanya kazi nzuri, lakini wao pia wanawauliza nani? Wanatuuliza sisi wenyeji. Kazi ya babu yako haijafa, ila haina jina.

Nimepanga hivi: picha ya babu yako niichapishe kubwa niiweke mbele ya darasa kabla sijasema neno lolote, na chini yake jina lake kamili, jina la baba yake na kijiji alikotoka. Halafu kila mwanafunzi aende nyumbani akaulize nani katika ukoo aliwahi kufanya kazi hospitali, hata kama alikuwa mpishi au mfuaji wa mashuka. Mwalimu amelipenda hilo, amesema watalikusanya kwenye kitabu cha shule.

Sasa nisikilize. Picha usiitoe kwenye fremu kwa nguvu, karatasi ya zamani inashika kioo. Ipige kwa simu kwanza, karibu na dirisha, bila kuwasha flashi, unitumie WhatsApp. Ile yenyewe itakuja na mtu tunayemwamini, siyo kwa bahasha ya basi.

Halafu nijibu haya. Mama anakumbuka babu alianza kazi Mwena mwaka gani, au alikuwa na umri gani? Alifundishwa na nani? Yule mwanamke aliyesimama nyuma yake kwenye picha, uso umeingia kivulini kidogo, ni nani? Ni bibi yako au ni mkunga wa wodi? Daftari liko wapi, na lina mchwa? Ile mikasi yake ya kukatia tairi alichukua nani, mjomba wa Nanganga au yule wa Lindi? Mama ataniruhusu nisome daftari mbele ya watoto, au kuna majina ya wagonjwa ambayo familia zao zisingependa yasikike? Akisema nifunike majina nitafunika yote, mwambie asiwe na wasiwasi. Na wewe Pasaka unakuja au umeshaahidi kwingine? Ukija utazungumza wewe, mimi nitakaa nyuma na wanafunzi.

Nijibu hata usiku, wiki hii niko zamu.

Rafiki yako,
Felista

N.B. Mwambie mama mafuta ya ufuta anayoyapenda nimeyapata Chikundi, nitampa huyo atakayeleta picha arudi nayo.