Mashimo tisa ni uwanja kamili

Kwa Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naandika manake kuna maneno nimeyasikia miaka mingi na juzi nimeyasikia tena kwenye matatu ya kutoka Feri, vijana wawili wanabishana, mmoja anasema uwanja wetu wa gofu wa pale Mama Ngina ni nusu uwanja kwa vile una mashimo 9 peke yake, ati uwanja wa kweli ni ule wa 18, na mwenziwe akamjibu basi afadhali pakatwe ploti watu wajenge. Nilitaka kuwajibu lakini nilikuwa nishafika stejini kwangu, kwa hivo nayasema hapa na naomba muyachapishe.

Mimi nilibeba mabegi ya gofu nikiwa kijana. Kedi. Nimeuzunguka uwanja ule mara ambazo siwezi kuzihesabu, na kabla hata sijaruhusiwa kubeba begi la mtu tulikuwa watoto wa mtaa tunacheza kwa tawi la mpera lililopinda mwishoni, maji yakipwa tunashuka kule chini ya jabali tunaokota mipira iliyoanguka baharini na kunasa kwenye mawe. Kwa hivo ninaposikia neno nusu uwanja naumia, sisemi uongo.

Hebu tuanze na huo uwanja wenyewe. Uko pale tangu 1911, juu ya jabali la matumbawe, chini yake Bahari Hindi, meli za kuingia Kilindini zinapita karibu mpaka unasoma majina yake. Kama ilivyo kawaida ya viwanja vya 9, anayetaka 18 anazunguka mara mbili. Sasa mtu wa bara atakwambia mara ya pili ni marudio tu. Sio. Aje akae pale mwaka mzima. Kaskazi ikivuma kuna shimo unalifikia kwa fimbo namba 8 bila jasho, halafu kusi ikishika shimo hilo hilo unachukua namba 5, ile ya kupiga mbali zaidi, na mpira bado unaanguka mfupi, na lile ulilokuwa unahangaika nalo Januari saa hii upepo unakusukuma mgongoni. Hata kwa siku moja, asubuhi kabla ya upepo kuamka ni uwanja mmoja, saa tisa alasiri ni mwingine. Makedi wazee walikuwa hawaangalii umbali kwanza, walikuwa wanaangalia minazi. Mimi nilifundishwa hivo, tazama makuti ndo uchague fimbo.

Tuje kwa hii namba 18 sasa, manake watu wanaichukulia kama imeteremshwa. Kule St Andrews, Scotland, raundi ilikuwa mashimo 22. Uwanja wao ulikuwa ukanda mwembamba kando ya bahari, unaenda mpaka mwisho halafu unageuka unarudi kwa njia ile ile na mashimo yale yale. Mwaka 1764 wakaona yale manne ya mwanzo ni mafupi sana, wakayaunganisha yakawa mawili, na kwa vile yanachezwa kwenda na kurudi wakapunguza mawili huku na mawili huku, 22 ikawa 18. Basi, ni hesabu ya kiwanja kimoja tu, na miaka mingi baadaye ndo dunia ikaifuata kwa sababu klabu ya pale ilikuja kuwa na usemi mkubwa kwenye sheria za gofu.

Ile Open ya Uingereza, mashindano makubwa ya gofu yanayoonyeshwa kwenye tivii, ya kwanza kabisa ilichezwa 1860 Prestwick kwenye mashimo 12. Wachezaji wanane, wakazunguka mara tatu kwa siku moja, jumla 36, na aliyeshinda alikuwa Willie Park wa mji wa Musselburgh.

Na huo Musselburgh ndo nataka vijana wale wa matatu waujue. Ni mji mdogo wa bahari karibu na Edinburgh, uwanja wake una mashimo 9, mpaka leo yapo, yamezungukwa na njia ya mbio za farasi. Kuna rekodi za gofu kuchezwa pale tangu 1672. Uwanja huo wa 9 uliandaa Open mara sita kati ya 1874 na 1889, wachezaji bora wa dunia ya wakati ule wanazunguka mara nne kupata 36 na hakuna aliyewaambia hii ni nusu ya mashindano. Tena zaidi, lile shimo lenyewe. Zamani kila mahali walichimba wanavyojua wao, wengine kubwa wengine dogo. Mwaka 1829 watu wa Musselburgh, na wakati ule hata 9 hawajafika, walikuwa na mashimo 7, wakapata kifaa cha chuma cha kukatia shimo saizi moja, na saizi hio ndo iliyokuja kupitishwa 1891 iwe ya kila mtu, upana wa milimita 108. Kwa hivo kila shimo la Nyali, la Muthaiga, la popote duniani, kipimo chake kimetoka kwenye uwanja mdogo.

Kuna jambo jingine la Musselburgh nalipenda kuliko yote. Desemba 1810 klabu ya pale iliamua kutoa zawadi kwa mwanamke atakayecheza vizuri zaidi mashindano ya Januari 1811, na waliopelekewa habari ni wanawake wauza samaki wa mji huo. Zawadi ilikuwa tenga jipya la kubebea samaki na shali, wakaongeza na vitambaa viwili vya hariri. Hayo ndo mashindano ya gofu ya wanawake ya zamani zaidi yanayojulikana kwa maandishi. Mimi nikiyafikiria nawaona mama zetu wa Likoni na beseni kichwani, nawaona wameliweka chini wanashika fimbo wanapiga mpira halafu wanabeba beseni lao wanaendelea na safari ya sokoni. Uwanja uko mtaani kwao, mfupi, hauli siku nzima, ndo maana waliweza.

Halafu 1867 pale pale St Andrews wanawake wakaanzisha klabu yao ya kupiga pati tu, yaani kusukuma mpira chini kwa chini uingie shimoni, manake enzi hizo ilionekana mwanamke kuinua fimbo juu ya bega si adabu, wakapewa kipande cha ardhi chenye mabonde na vilima vidogo, watu wanakiita Himalayas. Bado kipo, mgeni yeyote analipa pesa kidogo anacheza, bibi na mjukuu wake. Huko ndo wengi wanasema chimbuko la minigofu, ile gofu ndogo ya kupiga pati tu. Kule Marekani mchezo huo ulikuja kulipuka mwishoni mwa miaka ya 1920, bwana mmoja Garnet Carter alikuwa na hoteli Lookout Mountain akaweka kiwanja kidogo cha wageni, kikapendwa kuliko alivyotarajia, akaanza kuuza vya aina hio kwa jina la Tom Thumb, na kufika 1930 nchi ilijaa maelfu ya viwanja, New York vikapandishwa mpaka juu ya mapaa ya maghorofa. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana pesa, lakini senti chache za kucheza jioni na mchumba zilipatikana. Fasheni ile ilipoa upesi, mchezo wenyewe haukufa.

Huku kwetu viwanja vidogo ndo vingi kuliko watu wanavyodhani. Kericho, Nandi Hills kule kwenye klabu yenye jina la yule mnyama wa kutisha wa hadithi za Wanandi, Mufindi kwa ndugu zetu Watanzania, vyote mashimo 9 katikati ya chai. Jinja Uganda viboko walikuwa wanatoka majini usiku kula majani, na klabu ikaweka sheria kwamba mpira ukiingia kwenye alama ya wayo wa kiboko unautoa bila adhabu. Na sehemu nyingi kavu hakukuwa na grini, ile sehemu ya majani laini penye shimo, kulikuwa na brauni, yaani mchanga umechanganywa na oili chafu ya injini ili upepo usiupeperushe, unapiga pati halafu kedi anaburuta gunia kusawazisha kwa ajili ya anayefuata. Mtu aliyejifunza pati kwenye brauni hatishwi na kitu, mpira unaenda pale ulipoutuma.

Siwezi kuandika haya nikaficha upande mchungu. Viwanja hivi wakoloni walijijengea wenyewe, Mwafrika aliingia na begi la mtu mwingine begani. Zanzibar uwanja wao wa gofu ulikuwa Mnazi Mmoja, ile sehemu wazi iliyotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mtaa wa Waafrika wengi, na nadhani kila mzee wa pale anajua maana yake. Nawaelewa wanaosema hii ni michezo ya wakubwa, ipelekwe huko. Lakini mimi nauliza, kinachomzuia mtoto wa Likoni leo ni nini hasa? Ni ada, ni muda, ni usafiri, ni vifaa. Uwanja wa 18 unakula hekta 50 na zaidi, maji, majani, mishahara, na raundi yake ni saa nne au tano, nani anayefanya kibarua ana saa tano? Mashimo 9 ni saa mbili. Unatoka kazini saa kumi na jua likizama umemaliza. Nafasi yake ni nusu, gharama za kuutunza zinashuka. Na wale wanaosema skoo ya mashimo 9 haihesabiki wamepitwa, tangu 2020 mfumo wa hendikapu wa dunia nzima, ule unaopima uwezo wa mchezaji, unazipokea.

Kwa hivo ombi langu kwa wanaosimamia viwanja vidogo, wa Mombasa na kwingine pwani na bara, msione haya na 9 zenu na msihangaike kutafuta nyingine 9. Tengeni alasiri moja kwa wiki watoto wa mitaa ya jirani waingie bure, wafuate sheria, wafundishwe na makedi, manake kedi ndo mwalimu aliyepo tayari. Na kaunti nayo, pale Mama Ngina watu wanajaa kila jioni kula mihogo na kuangalia bahari, kipande kidogo tu cha majani, vilima viwili vitatu, mashimo ya milimita 108, kinatosha kuwa kiwanja cha pati cha umma kama kile cha wale wanawake wa 1867. Hakihitaji mkandarasi mkubwa, mimi na wenzangu wazee tunajua kukitengeneza.

Na nyinyi vijana wawili wa matatu, kama mnasoma gazeti hili, niulizieni pale Feri kwa wauza madafu, wananijua. Njooni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fimbo mbili za zamani ninazo, mipira ipo, tutaanza na pati kabla upepo haujaamka.

Kedi wa zamani,
Likoni, Mombasa