Kila Mtu Ananiambia Ndivyo Usonji Ulivyo

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi. Mwanangu ana miaka 16, na usonji wake tumeujua tangu akiwa na miaka 4, kwa hiyo asije mtu akaniambia simfahamu. Najua kwamba makelele yakimzidi huziba masikio, hulia kwa sauti, kisha hutulia. Hayo tumeyazoea. Haya ya sasa siyo.

Ni mwezi wa tano huu tangu aache kuchora ramani za reli, kazi aliyoipenda kuliko chakula, na chakula chenyewe sasa anakisukuma kando. Usiku kucha nasikia nyayo zake. Nikimwuliza tu kama ameoga, hunijia kwa ngumi, na juzi baada ya kunipiga begani aliketi sakafuni akawa anagongesha kichwa chake ukutani huku akirudia neno moja, "Imeisha." Nini kimeisha? Daktari hakuuliza. Alifunga faili akasema, "Mama, ndivyo usonji ulivyo," na baba yake akalidaka neno hilo, sasa ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Nimesoma, Shangazi, maana usiku ni mrefu. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kwa kijana inaweza kujitokeza kama hasira badala ya machozi, sembuse kwa huyu ambaye hata njaa yake ni shida kuitaja. Hata jino bovu au kufunga choo kunaweza kuleta fujo kama hizi, lakini hakuna aliyemtazama kinywani. Kama usonji anao tangu utotoni, na ngumi zimeanza mwaka huu, inakuwaje ndivyo usonji ulivyo?

Dawa sizitaki. Risperidoni wanayoitaja hupunguza ukali lakini huongeza uzito, na simwoni anayeniambia kama itagusa huzuni iliyo chini yake. Ingawa, nisikufiche, kuna usiku ambapo ningepokea kidonge chochote bila kuuliza jina lake.

Mimi si mama mbaya. Kazi niliiacha kwa ajili yake, na kwa miaka 12 sijawahi kumwacha alale peke yake akiwa na homa. Ila tangu juzi nafunga mlango wa chumba changu kwa ufunguo. Usiku huu amekuja, amejaribu kitasa mara moja tu, amesimama, kisha amerudi kwake. Sikufungua. Alipokuwa mdogo alikuja hivyo hivyo akitaka kulala miguuni pangu, na mimi sikuweza kujua ni yupi aliyesimama pale.

Alhamisi tunarudi kwa daktari yule yule. Nikimweleza habari ya ufunguo, je, atamtafuta mtoto anayeumwa, au ataandika kwamba ni hatari na kulifunga faili tena?

Mama asiyelala