Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: swali la choo cha kwanza

Ndugu wanachama,

Hamjambo, na poleni na safari. Najua waliotoka Soroti wameondoka gizani, na mama mmoja ameniambia mtoto wake ametapika ndani ya taksi mara mbili. Karibuni, chai ipo.

Nasoma kwa Kiswahili kama kawaida yetu. Hapa kuna Wateso, Wasamia, Wagisu, Wajopadhola na Wanubi, na hakuna lugha nyingine inayotukusanya bila mtu kujiona mgeni. Nikikosea ngeli mnivumilie. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Busia, sikukipata darasani.

Mwaka huu mlinituma kazi moja kubwa: kupunguza muda kati ya siku mtoto anapozaliwa na siku daktari anapolitaja jina la ugonjwa wa watoto wetu, Hirschsprung, ule wa utumbo uliokosa neva. Nitaeleza tulipofika na pale nilipoharibu mwenyewe.

Kwa wageni kwanza. Mtoto akiwa bado tumboni, seli za neva za utumbo, yaani za mishipa ya fahamu, husafiri kutoka juu kwenda chini, kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya mimba. Kwa watoto wetu safari hiyo iliishia njiani. Sehemu ya mwisho ya utumbo ikabaki bila neva, na utumbo usio na neva haujui kulegea. Unajibana muda wote, kinyesi kinarundikana juu yake, tumbo linakuwa ngoma. Si uchawi, si deni la mahari, wala si kwa sababu mama alikula udongo akiwa mjamzito. Nasema haya kila mwaka na nitaendelea kuyasema, maana bado kuna mashemeji wanaokuja kuniuliza pembeni.

Ugonjwa una jina la daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyewasimulia wenzake mjini Berlin mwaka 1886 habari za watoto wawili waliokufa matumbo yamefutuka. Kwa miaka mingi baada yake waganga walidhani ubovu uko pale palipofutuka. Kumbe palipofutuka ndipo pazima, panasukuma hadi pamechoka; pabovu ni pale chini pembamba panapoonekana hapana neno. Mpaka mwaka 1948 ndipo Orvar Swenson wa Boston alipochapisha operesheni ya kukata sehemu isiyo na neva na kuvuta utumbo wenye neva hadi kwenye njia ya haja. Mabingwa wa leo wana namna zao mbalimbali, lakini wazo ni lile lile.

Sasa hesabu. Ugonjwa huu humpata mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 hivi, wavulana wakiwazidi wasichana karibu mara nne. Uganda huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja na nusu kila mwaka. Gawanyeni. Ni watoto wasiopungua 300 kwa mwaka, na sisi tunaofahamiana tunaenea kwenye mikeka hii minne. Hao wengine wako wapi? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu jibu lake naliogopa.

Wanangu wawili wa kwanza walizaliwa salama, kwa hiyo wa tatu alipokaa siku nzima bila kuchafua nepi nilifurahi, nikasema huyu ni msafi. Siku ya tatu akatapika kijani. Kituo nilichompeleka, ambacho sitakitaja, kilinipa dawa ya gesi na ya minyoo. Ya minyoo, jamani, kwa mtoto wa siku tatu! Nyumbani bibi yake alimwogesha kwa majani. Hakuna aliyeniuliza kama mtoto alishapata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata kama lami. Nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kusema. Alipofika rufaa alikuwa na miezi mitano na mikono kama vijiti.

Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliotimiza miezi yao hupata choo hicho ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita kavu, hilo si la kungoja. Ila tusidanganyane: wapo humu ambao watoto wao walipata choo mapema na ugonjwa wanao, kwa hiyo tumbo kuvimba na matapishi ya kijani navyo vihesabiwe.

Ndiyo maana tulichanga tukachapisha mabango ya kubandika kwenye vyumba vya kujifungulia. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliyaandikisha kwa Kiingereza, tena kirefu, nikitaka yaonekane ya kitaalamu. Miezi mitatu baadaye nilipita kituo kimoja njia ya Tororo nikakuta bango letu limegeuzwa nyuma, wamelitumia kuandika zamu za usiku. Mkunga akaniambia bila kunificha, "Mama, hayo maneno yote nani atayasoma mtu anapiga kelele kitandani?" Pesa zile zilipotea na lawama ni yangu. Tumerudi kwenye jambo rahisi: muhuri wa mpira wenye swali moja, unaopigwa kwenye kitabu cha mtoto kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani: Choo cha kwanza, saa ngapi? Umegharimu kidogo mno kuliko mabango, na wakunga wameupenda kwa sababu unajazwa kwa kalamu, tarakimu mbili tu. Watu wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijijini, nao wanauliza swali hilo hilo wanapotembelea wazazi nyumbani.

Kuushuku ugonjwa hakutoshi. Picha ya bariamu, yaani eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa nyeupe utumboni, inaonyesha pembamba na panapopanuka kama faneli, lakini neno la mwisho ni la kipande cha nyama kinachokatwa ndani ya njia ya haja na kutazamwa kwa hadubini. Kama neva hazipo, ndipo mjadala unapoisha. Hapa tulipata tabu mwaka huu. Baba mmoja wetu alipewa kichupa chenye kipande hicho ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, akaambiwa akipeleke mwenyewe maabara ya mji mwingine. Alikiweka mfuko wa shati, akashika kwa kiganja njia nzima, kila taksi ikirushwa na shimo anachungulia kama kimemwagika. Baada ya wiki saba jibu likaja: kipande hakitoshi, kimekatwa juu juu, rudieni. Nimesikia wanaosema daktari alizembea. Mimi sisemi hivyo. Kipande lazima kishike tabaka lililo chini ya ngozi ya ndani, na kwa mtoto mchanga hilo ni jambo la mkono uliozoea. Tatizo ni kwamba mikono iliyozoea nchini ni michache, imejazana hospitali za Mulago na Mbarara, na wanaosoma vipande hivyo kwa hadubini ni wachache zaidi. Tumekubaliana kila mzazi aulize mambo mawili kabla ya kukabidhiwa kichupa: nani atakisoma, na majibu yatapigiwa simu namba gani.

Watoto wengi wetu hufunguliwa kwanza kolostomi, yaani utumbo unatokezwa nje kwenye tundu la tumboni, kinyesi kipitie hapo, ili mtoto apumue na anenepe kabla ya operesheni kubwa. Mifuko ya kukingia kinyesi hicho mnajua bei. Nataka nimshukuru dada yetu wa Malaba, aliyetuonyesha kwenye kikao cha pili anavyofanya. Anakata shuka kuukuu vipande vya mraba, anakunja mara nne, katikati anatoboa tundu la ukubwa wa kizibo cha soda. Ngozi anaiosha kwa maji ya vuguvugu, anaifuta kwa kugusa bila kusugua, anazungushia marhamu ya zinki nene kama siagi, kisha kitambaa, kisha anafunga kwa utepe wa kanga. Mtoto wake ana ngozi safi kuliko waliovaa mifuko. Vijana waliochukua video, naomba muitume kwa wote.

Kinachoniumiza ni kolostomi zinazokaa miaka. Mtoto amenenepa, anacheza, mzazi anaona afadhali, nauli ya rufaa inageuka karo ya wakubwa. Mwaka huu tumewasindikiza watatu wakafanyiwa operesheni ya kuvuta utumbo, mmoja akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa anamwacha nyumbani asisome, kwa harufu. Na operesheni ikiisha msilale: tumbo likivimba tena, homa, choo cha maji kinachonuka vibaya, ni utumbo kuwaka, na huo unaua hata baada ya upasuaji. Kimbieni hospitali. Kama mlifundishwa kusafisha kwa mrija, tumieni maji ya chumvi mliyoelekezwa, si maji matupu ya bomba.

Mengine kwa kifupi. Mlipiga kura kuwapokea wazazi wa watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa. Wapo waliopinga, lakini kolostomi ni zile zile na nauli ni ile ile, nami nimefurahi. Hesabu za pesa mweka hazina atazisoma mwenyewe, zina maumivu lakini hazina siri. Mwanangu yule wa tatu yuko darasa la tatu, na juzi mwalimu alimlalamikia kwa kupigana.

Wanaokwenda rufaa mwezi ujao wamwone katibu kabla ya chakula. Mje na karatasi halisi ya maabara, msije na picha ya simu. Na gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri pale kituo cha mafuta. Mara iliyopita tulimsubiri mtu mmoja saa nzima, na mtu huyo anajijua.