Tuwape vijana wafumaji kumbi za jamii

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu kuhusu vijana wanaofuma kwa uzi wa sufu. Wengi bado huona hii ni kazi ya nyanya anayesubiri mjukuu. Lakini tangu msanii Magda Sayeg avishe mpini wa mlango wa duka lake vazi la kufumwa kwa uzi kule Houston, Marekani, mwaka 2005, nguzo na miti katika miji mingi imevishwa vivyo hivyo.

Binti yangu hununua sweta kuukuu katika soko la mitumba la Gikomba, akazifumua, kisha akafuma kofia zenye pembe (nilicheka, hadi mteja wa kwanza alipolipa). Anachokosa ni mwalimu. Kaunti ya Nairobi ifungue kumbi zake za jamii Jumamosi, na mafundi wa sweta za shule walipwe kufundisha.

Mzazi,
Kayole, Nairobi